Mifugo Tuliyoikataa Lorugum

Kakuma, 6 Machi 1995

Senge Rael mpendwa,

Mtoto wa kaka yako anakusalimu, shangazi yangu, akiwa mzima wa mwili, ingawa vumbi la hapa limenifanya nifanane na ukuta. Nafundisha hisabati na historia katika shule ya kambi, wanafunzi tisini na wanne chini ya turubai moja, na hakuna hata mmoja anayesinzia. Mama ameandika kwamba mahindi yameshika vizuri na kwamba ng'ombe mwekundu amezaa. Baba hajaandika. Tangu chuo kiliponisimamisha masomo kwa miaka miwili anangoja nimwombe msamaha kwa kosa la kusema kweli hadharani. Atangoja sana.

Sasa lililo moyoni. Nililala kwako siku mbili nilipopita Lodwar kuja huku, na kwa siku hizo mbili ulizungumza bila kukoma, kama bomba lililofungwa mwaka mzima kisha likafunguliwa. Ulinieleza habari za mashine yako ya chapa, za paka aliyekufa, za bei ya vitunguu, hata za ndoto ulizoota kabla sijazaliwa. Nilidhani ni furaha ya kuniona. Nilipofika Kakuma ndipo nilipotambua: hukuwa na mtu wa kumwambia hayo.

Niliona pia kwamba huenda kuteka maji saa saba, jua likiwa utosini, wakati wanawake wengine wamekwisha kuondoka. Niliona wafanyakazi wenzako, wale waliotoka Kenya ya chini, huko kusini, kama wewe, wakipika pamoja Jumapili baada ya kanisa, hatua hamsini kutoka mlangoni pako, na hakuna aliyekuita. Nilimuuliza Shiko, yule mwenzako wa chumba cha chapa, akanijibu huku akicheka, "Huyo ni mama Turkana, atakula na watu wake." Na watu wake wako wapi? Mume wako Lokwang alifariki mwaka juzi. Mama yake, kaka yake, ukoo wake mzima uko Lorugum, mwendo wa saa chache kwa pikapu. Nauliza: nani kati yao amekuja kuketi na mjane wao?

Wiki iliyopita walituletea mgeni kutoka ng'ambo atufundishe walimu ushauri nasaha. Alichora duara ubaoni akatuambia kila mtu aandike humo majina ya watu wake. Wanafunzi wangu wamekimbia vita, wamezika ndugu njiani, lakini duara zao zilijaa. Mimi niliichora yako, Senge, nikaandika jina langu peke yake. Nimekasirika tangu siku hiyo.

Upweke wako si msiba wa mbinguni. Umetengenezwa na watu, na watu hao wana majina. Mwisho wa mwezi shule zitafungwa nami nitakwenda Lorugum kuwauliza ana kwa ana.

Wako katika hasira ya haki,
Kiprop


Lodwar, 20 Machi 1995

Mwanangu Kiprop,

Bwana asifiwe. Barua yako ililetwa na dereva wa lori la mahindi, ikiwa na alama ya chai. Nimefurahi kusikia habari za ng'ombe mwekundu. Nakutumia soksi na sabuni. Kula vizuri, usitoe chakula chako chote kwa wanafunzi kama unavyopenda kufanya. Mwalimu akianguka hakuna atakayewafundisha.

Mimi sina tatizo. Kazi ni nyingi ofisini. Maji nateka saa saba kwa sababu foleni ni fupi. Nawe umesahau kuandika jina la Amuria katika duara lako. Amuria, dada yake marehemu, huja kila Jumamosi na pikapu ya Lorugum. Huniletea maziwa ya mbuzi katika kibuyu, huketi kwenye kizingiti akanitazama nikifua. Hatuzungumzi mengi. Kiswahili chake ni kidogo na Kiturkana changu watu hukicheka. Saa tisa huondoka. Kila Jumamosi, mwanangu, tangu Lokwang alipozikwa.

Usiende Lorugum. Nasema tena, usiende. Kuna mambo ambayo huyajui na mimi sina nguvu ya kuyaandika. Subiri nije huko Pasaka, au uje wewe, tuzungumze.

Senge wako,
Rael


Kakuma, 24 Aprili 1995

Senge Rael mpendwa,

Salamu nyingi. Soksi zimefika, asante. Barua yako ya tarehe 20 nimeipata juzi tu, kwa kuwa dereva aliharibikiwa na gari na kukaa njiani wiki tatu. Kwa hiyo ombi lako lilinifikia nikiwa nimekwisha kwenda na kurudi. Usiwe na wasiwasi. Nilikutetea, na nilikutetea vizuri.

Nilifika bomani kwao asubuhi, tarehe mosi. Shemeji yako Losike alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, fimbo mapajani.

"Ejok," akanisalimu.

"Ejok," nikajibu.

"Wewe mtoto ya nani?"

"Mtoto wa kaka yake Rael, mke wa Lokwang."

Senge, laiti ungaliona! Alisimama. Akaita. Wazee wakatoka, wanawake wakatoka, mama mkwe wako Awoi akaletwa akishikwa mkono. Amuria akakaa karibu yangu kutafsiri. Vijana wakatumwa mtoni, na baada ya muda wakarudi wakiswaga kundi la mbuzi, weupe na wa madoa, wakawasimamisha mbele yangu. Nilidhani wananionyesha utajiri wao ili ninyamaze.

Losike akasema, na Amuria akatafsiri, "Tumengoja mtu wa kwao miaka kumi na tatu. Leo ameingia hapa. Hawa ni wa kwanza. Ngamia na ng'ombe watafuata, kisha tutachinja fahali."

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba walikuwa wakitoa mahari. Mahari! Mwanamke ameishi na ndugu yao miaka kumi na mmoja, amemzika, anazeeka peke yake katika nyumba ya mabati, na badala ya kumwendea wanataka kumlipia kama gunia la mtama! Nilisimama, nikanena jinsi nilivyokuwa nikinena katika uwanja wa chuo. Nikasema, "Shangazi yangu si bidhaa. Anacho cheti cha ndoa chenye mhuri wa serikali tangu mwaka 1982. Hahitaji damu ya fahali kumthibitisha. Mimi, kwa niaba ya watu wake, nasema hatuchukui hata mbuzi mmoja. Mnachodaiwa ni utu tu!"

Nikamgeukia Amuria. Nikamwambia, "Tafsiri." Akatikisa kichwa. Nikamwambia, "Tafsiri, neno kwa neno!" Basi akatafsiri, akitazama chini.

Mama Awoi aliinuka akaingia ndani. Losike akasema tu, "Haya. Umesema," akawaashiria vijana wawarudishe mbuzi. Nadhani ilikuwa mara yao ya kwanza kusikia kwamba mwanamke ni binadamu kamili, nao hawakuwa na hoja.

Sasa wana aibu. Utaona, watakuja.

Wako,
Kiprop


Lodwar, 15 Mei 1995

Kiprop,

Habari za nyumbani ni njema kadiri nijuavyo. Mvua haijanyesha.

Amuria hajaja Jumamosi sita.

Usinitumie chochote na dereva.

Rael


Kakuma, 2 Juni 1995

Senge Rael,

Nakusalimu, ingawa barua yako ya mistari mitatu haikunisalimu. Mama anauliza habari zako, nami sijui nimjibu nini.

Nimeisoma mistari hiyo mara nyingi kuliko nilivyosoma mkataba wowote katika darasa la historia, na hasira yangu imezidi. Hivi Amuria naye amekukimbia? Kwa sababu gani? Kwa sababu mpwa wako alikataa kukupangia bei? Basi na ukweli udhihirike: maziwa yale hayakuwa upendo, yalikuwa rehani! Walikuwa wakikushikilia kwa kibuyu kimoja kwa wiki ili siku moja wadai umiliki. Afadhali ukweli mchungu kuliko urafiki wenye masharti.

Lakini nisichokielewa ni wewe. Nimesimama mbele ya ukoo mzima, peke yangu, kwa ajili yako. Wenzako wa kazini hawakuthubutu. Kanisa lako halikuthubutu. Baba yangu, ndugu yako wa damu, hakuthubutu. Nimefanya jambo ambalo hakuna mwanamume wa ukoo wetu aliyepata kulifanya. Na malipo yangu ni mistari mitatu?

Nieleze kosa langu. Kama lipo, nieleze.

Kiprop


Lodwar, 25 Juni 1995

Kiprop,

Umeuliza. Basi leo nitaandika na wewe utasoma mpaka mwisho bila kusimama kuhutubia.

Unasema umefanya jambo ambalo hakuna mwanamume wa ukoo wetu aliyepata kulifanya. Babu yako alilifanya mwaka 1982.

Lokwang aliponipenda mimi nilikuwa karani mgeni hapa, naye alikuwa dereva wa lori la maji. Ndugu zake hawakuniona kuwa emoit, mtu wa nje. Walisema, tukaongee na watu wake. Waliwapakia mbuzi katika malori mawili wakasafiri siku tatu hadi kwetu Kapsabet, wanaume ambao hawakuwa wamevuka Kitale maishani mwao. Ilikuwa Julai. Baridi ile unaijua. Babu yako aliwaacha langoni kutwa nzima chini ya mvua, kisha akatoka akasema binti yake haolewi kwa mbuzi wa jangwani, wala hachukui hata mmoja. Maneno hayohayo. Hata mmoja. Nilikuwa nyuma ya dirisha la jikoni, na baba yako alikuwa pembeni ya babu yako ameshika tochi ya kuwamulikia njia ya kurudi.

Mbuzi wale hawakuzoea baridi. Walianza kufa kabla ya malori kufika Kitale. Losike ndiye aliyekaa nyuma kwenye lori la kwanza akiwashusha waliokufa njiani. Hakuwa mzee bado.

Tulikwenda kwa afisa tukaandikiwa cheti, na tukaishi. Lakini kwao, Kiprop, mwanamke ambaye watu wake hawakupokea mifugo, na fahali wake hakuchinjwa, bado ni msichana wa kwao alikotoka, hata awe na mvi. Lokwang alipofariki nilisimama nyuma ya umati. Wajane hunyolewa. Mimi sikunyolewa. Hawakunikataza kwa ubaya. Hawakuwa na haki ya kunigusa kichwa, kwa sababu mimi si wao. Awoi alinitazama kwa mbali, akilia, nami nikalia kwa mbali.

Mwanamke hawezi kujipeleka. Lazima aje mtu wa kwao. Nilimwandikia baba yako mara mbili mwaka huo nikimwomba aje kupokea. Hakujibu. Mwaka huohuo ndipo Amuria alipoanza kuja Jumamosi. Hakuwa na ruhusa ya kuniita wifi, kwa hiyo hakuniita kitu. Aliketi kizingitini kwa sababu ndani ni kwa jamaa. Alikuwa akingoja pamoja nami.

Kisha ukaja wewe. Mtu wa kwetu, mwenye damu yetu na ndevu zake. Waliacha kila kitu wakawaleta mbuzi. Miaka kumi na tatu! Nawe ukawarudisha tena. Babu yako alisema mbuzi wao hawatufai kwa kiburi cha kabila. Wewe umesema hawatufai kwa kiburi cha kitabu. Losike amesikia neno moja tu mara zote mbili. Na ukamlazimisha Amuria alitamke kwa kinywa chake! Atakujaje tena Jumamosi, baada ya kutangaza yeye mwenyewe kwamba watu wangu hawawataki?

Wewe ambaye ulipigwa virungu ukidai wanafunzi wasiamuliwe mambo bila kuulizwa. Uliniuliza?

Rael


Kakuma, 10 Julai 1995

Senge Rael,

Sina salamu ninazostahili kukupa. Nakusalimu tu.

Nilisoma barua yako nikiwa katika chumba cha walimu, na mwenzangu Majok akaniuliza ni nani amekufa. Majok ni mkimbizi kutoka Bor, tunafundisha darasa moja kwa zamu. Nilimweleza yote. Nilidhani atanicheka. Alikasirika, Senge, sijapata kumwona hivyo.

"Ya akhi, ndugu yangu," alisema, "wewe mwalimu, wewe nasoma kitabu mingi. Wewe nakataa mali ya watu mbele ya mama mzee?"

Nikamwambia kwamba nilikuwa natetea utu wa mwanamke.

"Utu gani? Sikia. Mimi nataka kuoa Ayen, wewe najua. Ayen nataka mimi. Mwaka ya tatu sasa. Ng'ombe si shida, Ayen nasema ata ng'ombe ya kuchora kwa karatasi iko sawa. Shida ni nani atapokea. Baba yake hakuna. Mjomba hakuna. Kaka hakuna. Kambi mzima, watu elfu na elfu, hakuna mtu moja ya kusimama na kusema, huyu ni wetu, tumepokea. Wewe uko huyo mtu! Wewe uko, unapumua, na unasema hapana!"

Akatoka akaniachia darasa lake na langu.

Tangu siku hiyo nimetafuta wa kumlaumu, na wapo. Namlaumu babu, aliye kaburini. Namlaumu baba, na nimemwandikia barua ambayo mama hataisahau. Nailaumu mila inayomfunga mwanamke mdomo hadi mwanamume wa kwao afunguliwe moyo. Naona hata sasa kwamba ni dhuluma, wala sitakuficha. Lakini kila nikimaliza orodha hiyo nabaki mimi, nimesimama mbele ya kundi la mbuzi, nasema "kwa niaba ya watu wake" bila kuwa nimekuuliza lolote. Nilitaka kuujaza upweke wako kwa hotuba. Mtu mmoja alikuwa akikuletea maziwa, na mimi nikamfukuza.

Nakuuliza sasa, kama nilivyopaswa kuuliza Machi. Senge, unataka nini? Ukisema nikae kimya maisha yangu yote nitakaa. Ukisema nirudi, nitarudi kwa miguu. Nina hofu moja tu na naomba uniruhusu kuitaja: wakichinja fahali, hawatasema kwamba Losike amekurithi?

Kiprop


Lodwar, 8 Agosti 1995

Mwanangu Kiprop,

Bwana asifiwe. Nimechelewa kujibu kwa sababu mashine yangu ya chapa iliharibika na bosi akanipa kazi ya mkono, na kwa sababu swali lako lilikuwa gumu. Kwa miaka hamsini na mmoja sijaulizwa. Nilikuwa nikiandika jibu na kulichana.

Kwanza, Losike. Ana wake watatu na meno manne. Tangu Lokwang akiwa hai tulikwisha kusemezana, yeye na mimi, kwamba mimi ni wa kupewa kigoda wala si wa kupewa mume. Ondoa hofu hiyo.

Pili, lile neno ulilojifunza kwenye semina. Nitalikubali mara moja, kisha tusilirudie. Mimi ni mpweke. Tangu Aprili sijaguswa na mkono wa mtu isipokuwa kwa kurudishiwa chenji dukani. Jumamosi nafua nguo safi ili nikae uani, nisikie pikapu ya Lorugum ikipita. Inapita. Shiko aliniambia juzi, "Mama, si urudi tu kwenu chini?" Nikamuuliza kwetu ni wapi, akadhani natania.

Nakuambia basi ninachotaka, na usinifafanulie. Nataka mifugo ipokewe. Nataka fahali achinjwe. Nataka Awoi anishike kichwa. Cheti ninacho na nakiheshimu, lakini nimekitazama miaka miwili ukutani na hakijaniuliza nimelalaje.

Nenda. Shule zikifungwa, nenda. Usibebe karatasi. Hutajitetea, hutaeleza, hutamwambia mtu kwamba ulikuwa na nia njema. Watakutukana, na utakula utakachopewa. Ukisikia ulimi unawasha, uung'ate.

Kama hawatakupokea, niandikie hivyohivyo, usinipambie.

Senge wako,
Rael


Kakuma, 18 Septemba 1995

Senge Rael mpendwa,

Salamu. Mama anakutumia majani ya chai, yako kwenye kifurushi hiki. Baba hajajibu barua yangu. Sikungoja.

Nilikaa Lorugum siku tano. Siku mbili za kwanza hakuna aliyenisemesha. Niliketi nje ya boma, mahali palepale niliposimama Aprili, na watu walinipita kama gogo. Watoto walinizoea, wakaanza kupanga mawe juu ya viatu vyangu. Senge, nimewahi kulala rumande siku nne na haikuwa ngumu hivyo. Rumande tuliruhusiwa kuimba.

Siku ya tatu mama Awoi alitoka, akaketi mbele yangu, akasema jambo. Amuria alikuwa nyuma yake. Hakutafsiri. Nikamtazama nikimwomba kwa macho.

"Anauliza," akasema mwishowe, "mdomo yako imepona?"

Nikasema imepona.

"Anauliza, leo umekuja na maneno ngapi?"

Nikasema, moja. Nimekuja kupokea.

Losike akacheka, si kwa furaha. "Amuria alitafsiri yako ile siku, neno kwa neno," alisema kwa Kiswahili chake mwenyewe. "Leo wewe tafsiri. Sema kwa lugha yetu. Wazee wasikie."

Mimi, ninayejua maneno ishirini ya Kiturkana! Amuria aliniegemea akaninong'oneza maneno, nami nikayarudia mbele ya wazee, moja moja, nikikosea, nikisahihishwa, nikianza upya. Walinifanya niseme mara tano. Mara ya tatu vijana walikuwa wamelala chini kwa kicheko. Mara ya tano hakuna aliyecheka, na mama Awoi alikuwa amejifunika uso kwa shuka lake.

Ndipo Losike akaniuliza kama najua mbuzi hufaje kwa baridi. Nikatikisa kichwa. Akanieleza. Alieleza kwa muda mrefu sana, lori kwa lori, kilima kwa kilima. Nilitaka kusema kwamba sikuwapo, kwamba nilikuwa mtoto wa miaka saba, kwamba babu hakuniuliza. Niliung'ata ulimi kama ulivyoniagiza. Alipomaliza alitema mate pembeni, akasema, "Mwanamke huyu ametungoja bila kosa. Hilo ndilo naona aibu," kisha akawaita vijana walete mbuzi.

Nimepokea, Senge. Niliweka mkono mgongoni mwa yule wa kwanza kama nilivyoelekezwa, nikasema ni wetu. Watakaa katika kundi la Amuria kwa jina lako. Fahali atachinjwa Oktoba.

Msimamo wangu sijaubadili. Mila iliyokuacha ungoje miaka kumi na tatu mpaka mwanamume wa kwenu ajisikie kuja ni mbaya, na nitasema hivyo mahali popote nitakaporuhusiwa kusema. Lakini nilikuwa naipiga vita juu ya mgongo wako, na mgongo huo haukuwa wangu.

Hapa Kakuma Majok amewatangazia walimu wote kwamba mimi ni mfugaji. Ameniomba nisimame kama kaka yake Ayen ili nipokee kwa ajili yake. Mmoja wa wazee wao amesema mtu wa nje anaweza, kama atakubali pia kubeba lawama za kaka. Nimemwambia kwamba kwanza nitamuuliza Ayen.

Wako,
Kiprop


Lodwar, 12 Novemba 1995

Kiprop,

Barua hii ni fupi, na imeandikwa juu ya goti. Meza imechukuliwa.

Fahali alichinjwa tarehe 21 Oktoba. Ulikosa kuja kwa sababu ya mitihani ya wanafunzi wako na Losike amesema afadhali, kwa kuwa kulikuwa na kelele za kutosha. Jumatano iliyofuata Awoi alininyoa mwenyewe. Mikono yake inatetemeka, ameniachia vidonda vitatu. Alinishika kichwa tangu asubuhi hadi jua likasogea, nasi tukamlilia Lokwang tuliyekuwa hatujamlilia pamoja.

Kisha wakarudi nami Lodwar, yeye na Amuria na wengine wanne ambao bado nachanganya majina yao. Wako humu wiki mbili sasa. Awoi anasema nafagia kama adui. Amuria ameingia ndani siku ya kwanza bila kubisha, akafungua sufuria zote. Sukari imekwisha. Maji tunateka asubuhi na wengine, na kule bombani wananisema mbele yangu, si nyuma, kwamba mke wa Lokwang ana kichwa kidogo kuliko walivyodhani.

Ofisini nilipoingia na kichwa kitupu wote katika chumba cha chapa waligeuka. Shiko akauliza, "Mama Rael, mbona umenyoa?"

"Nimefiwa na mume wangu," nikamwambia.

"Pole jamani! Lini?"

"Mwaka juzi."

Aligeukia mashine yake, lakini sikusikia akipiga chapa. Na leo, Jumapili, baada ya kanisa, namwona mlangoni na chupa ya chai mikononi, ameniletea pole, hajui aingie au arudi. Awoi anamkodolea macho. Nimemwambia aruke miguu ya mama mkwe wangu, apite, ajibane pale karibu na Amuria.

Nakatiza. Kikombe hakitoshi, itabidi wanywe kwa zamu.

Rael, mke wa Lokwang